Sauti na Sanadi Yake

Mhadhara uliotolewa Rangwi, Lushoto, mbele ya wazee, walimu na wanafunzi



Kabla hamjaingia ukumbini nilikuwa nimekwisha kukiwasha chombo hiki kidogo kilicho juu ya meza, nikakiinamia, nikatamka jina la mahali hapa, tarehe ya leo, saa, hali ya hewa na jina langu. Na mzee mmoja aliyewahi kuliko wenzake, akanikuta nikisema na meza isiyo na mtu, aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nasoma dua. Nilimwomba asubiri, kwa kuwa swali lake lilistahili jibu refu kuliko lile liwezalo kutolewa mlangoni. Na yote nitakayoyasema alasiri hii, tangu mwanzo hata mwisho, ni jibu la swali lile.

Nimekuja kuzungumza juu ya kazi ya kunasa sauti za nje, yaani sauti ambazo hazikutolewa kwa ajili ya chombo wala kwa ajili ya hadhira: mvua juu ya bati, maji ya mfereji yapitayo kando ya kabichi, ndege wa alfajiri, wanyama wa usiku, mashine ya kusaga, watoto watokapo shule, na majembe ya watu wanaolima mteremko mmoja bega kwa bega. Dai langu ni kwamba sauti ya mahali ni mali ya mahali, hurithiwa kama shamba na lugha zinavyorithiwa. Kwamba mali hiyo hupotea kwa siri kuliko mali nyingine zote. Na kwamba mwenye kuinasa hawezi kuitunza kwa chombo peke yake, asipoifungamanisha na ushahidi ule ambao wanazuoni wa Hadithi wameuita sanadi, nao ni mlolongo wa wapokezi uonyeshao neno limetoka kwa nani na limepokewa na nani hata likatufikia.

Tafakarini jinsi vitu viondokavyo duniani. Mti ukikatwa huacha kisiki. Nyumba ikibomoka huacha msingi. Mtu akifa huacha kaburi, na jina, na watoto wa kulitaja jina hilo. Sauti ikiondoka haiachi alama, na kwa kuwa haiachi alama hakuna aijuaye siku ya kuondoka kwake. Wamo humu akina mama waliotwanga walipokuwa wasichana, watatu kwenye kinu kimoja, michi ikipokezana bila kugongana, na kila kinu kikijulikana kwa mlio wake hata kwa jirani aliye ng'ambo ya bonde. Ikaja mashine ya kusaga, ambayo ni neema isiyo na shaka kwa migongo na mabega ya mama zetu, na mlio ule ukapungua nyumba baada ya nyumba, hata asubuhi moja ukawa haupo. Asubuhi hiyo ilikuwa lini? Hakuna aliyeiandika, maana ukimya wa vinu ulijazwa mara moja na ngurumo ya injini, nasi tukadhani kwamba masikio yetu hayakupungukiwa na kitu.

Ili kuujua utajiri tulio nao, amkeni kesho saa kumi na moja alfajiri, kabla mtu yeyote nyumbani hajafungua redio, mkae nje ya mlango mmejifunika shuka, mhesabu kile mnachokisikia. Litakuwapo basi linaloteremka kutoka upande wa Mtae, ambalo huanza safari usiku ungalipo, na honi yake itawafikieni kutoka mbali ambako mchana hamwezi kuisikia. Itakuwapo adhana, na baada yake kengele ya misheni, kila moja ikija kwa njia yake juu ya bonde. Watakuwapo majogoo wakijibizana, jogoo wa chini na jogoo wa juu. Na upande wa msitu, ikiwa hamkuchelewa, atakuwapo perere akimalizia ukelele wake wa usiku, yule mnyama mdogo wa juu ya miti ambaye wengi wenu mmemsikia tangu utotoni bila kumwona hata mara moja.

Msidhani kwamba ni usingizi uliowaongezea nguvu ya kusikia. Usiku hewa ya baridi, ambayo ni nzito, huteremka na kulala bondeni, na ile yenye joto kidogo hubaki juu yake kama blanketi. Na sauti, ambayo huenda upesi zaidi katika hewa ya joto kuliko katika hewa ya baridi, ikipanda hukunjwa na kurudishwa chini, ikasafiri mbali juu ya ardhi badala ya kupotelea mbinguni. Jua likishapanda na kuipasha ardhi joto, mambo hugeuka, sauti hukunjwa kwenda juu, na kijiji jirani kikanyamaza kana kwamba kimehama. Hivyo alfajiri ya milimani ni saa ambayo mabonde yetu husikizana, na kwa mwenye kunasa sauti hiyo ndiyo saa ya mavuno.

Ilimu ya kuikamata sauti na kuirudisha ni changa. Ilikuwa mwaka 1877 ndipo Thomas Edison wa Marekani alipotengeneza chombo cha kwanza kilichoweza kuyarudisha maneno kiliyoambiwa. Na mwaka 1889, huko Frankfurt, Ujerumani, mtoto mdogo aliyeitwa Ludwig Koch alikielekeza chombo cha namna hiyo kwa ndege wake wa kufugwa, na sauti iliyopatikana huhesabiwa kuwa ndiyo sauti ya ndege ya zamani kuliko zote tunazojua kuwa zilinaswa. Haikupita miaka ishirini, chombo kikafika kwetu. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka kusini mwa nchi hii, bara ya Lindi na uwanda wa Wamakonde, akinasa nyimbo na maneno ya watu juu ya silinda za nta. Na silinda za zama zile zilizowekwa katika hazina ya sauti iliyoanzishwa Berlin mwaka 1900 zimetiwa na UNESCO, mwaka 1999, katika daftari lake la Kumbukumbu ya Dunia.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay, akaimba mbele ya mashine, na santuri zake zikarudi pwani na kuenea majumbani, hata mwanamke yule aliyezaliwa katika ufukara akawa anasikika katika nyumba ambazo hakupata kuzikanyaga. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na gari lake la vyombo, akinasa ngoma na nyimbo za makabila mengi, na baadaye, mwaka 1954, akaanzisha huko Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Kiafrika. Mwaka 1951 ikafunguliwa Sauti ya Dar es Salaam, mama wa redio ya taifa, ambayo kwa miaka mingi iliwapeleka mafundi wake vijijini na tepu. Na mwaka 1958 Myles North, aliyekuwa ofisa wa serikali katika Kenya, alitoa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Cornell santuri ya sauti za ndege wa Afrika, alizozinasa mwenyewe porini.

Ukiitazama orodha hii kwa insafu utaona kwamba wengi wa hao waliotangulia walikuja kuchukua wimbo au neno, na wimbo ulipokwisha walikizima chombo. Hawakuwa na makosa, kwa kuwa silinda ya nta haikuchukua zaidi ya dakika mbili au tatu, na katika dakika mbili hapakuwa na nafasi ya mto. Lakini mto ulikuwapo, ukipita nyuma ya mwimbaji. Mbuzi walikuwapo, na kuku, na mtoto aliyelia akanyamazishwa ili asiharibu kazi. Na leo hii, karne moja na zaidi baadaye, mtu akiisikiliza nta ile iliyochakaa hutamani kumsikia hata mtoto yule. Chombo cha leo hakina udhuru huo. Kiganjani mwa kila kijana mna simu iwezayo kunasa saa nzima pasipo gharama, na kile kilichokuwa kazi ya msafiri kutoka ng'ambo kimekuwa kazi iliyo ndani ya uwezo wa mtoto wa Rangwi.

Yupo atakayeuliza: Je, katika sauti hizo za ovyo mna ilimu gani? Na nianze kumjibu kwa wanyama. Katika mbuga ya Amboseli, chini ya mlima Kilimanjaro upande wa Kenya, watafiti waliinasa milio ya tumbili ya kutahadharishana, kisha wakaipiga kwa spika iliyofichwa vichakani, mahali pasipokuwa na hatari yoyote. Na matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 1980, yalikuwa kwamba tumbili waliposikia mlio wa chui walikimbilia mitini, waliposikia mlio wa tai walitazama juu, na waliposikia mlio wa nyoka walisimama wakachungulia nyasi. Katika mbuga hiyo hiyo ndipo mtafiti Katy Payne na wenzake walipowanasa tembo wakisema kwa mngurumo ulio chini ya mitetemo ishirini kwa sekunde, mahali ambapo sikio la mwanadamu hufikia kikomo chake. Watu walikaa na tembo tangu zama za zama wakiwaona kuwa kimya, ilhali walikuwa wakizungumza, na chombo ndicho kilichotukirimu khabari hiyo.

Komba nao wana kisa chao. Wapo komba wadogo wa misitu ya Tanzania wanaofanana kwa umbo na rangi kiasi kwamba macho huwachanganya, lakini usiku kila aina huita kwa wito wake, na wataalamu wa wanyama hao wameutumia wito kuwa kitambulisho. Komba wa Rondo, aitwaye kwa jina la uwanda wa Rondo ulioko mkoa wa Lindi, alitambulishwa rasmi kwa ulimwengu wa elimu mwishoni mwa miaka ya 1990, na wito wake ni mmoja wa mashahidi wake. Karibu nasi zaidi, katika vilima vya Taita ambavyo pamoja na Usambara ni vya safu moja ya Milima ya Tao la Mashariki, watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki wamekesha wakiwanasa perere, nao wamesikia katika kelele zile, ambazo sisi huziita kelele tu, nyimbo zenye sehemu na mpangilio, zidumuzo dakika nyingi.

Lakini hoja iliyonigusa kuliko zote ni ya ndege mlembe, yule awaongozaye watu kwenye asali. Wayao wa Niassa, kule Msumbiji, humwita kwa kutetemesha midomo na kumalizia kwa mguno. Wahadza wa upande wa Ziwa Eyasi humwita kwa mluzi. Watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood waliinasa miito hiyo, wakampigia mlembe wa kila nchi wito wa wenyeji wake na wito wa wageni, na mwaka 2023 wakatangaza walichokiona: mlembe wa Uhadzabe aliuitika mluzi wa Wahadza zaidi ya mara tatu kuliko alivyouitika wito wa Wayao, na mlembe wa Niassa naye aliwapendelea Wayao wake. Ikiwa ndege asiyejua kusoma wala kuandika hutofautisha wito wa nyumbani na wito wa ugenini, na huuitika ule wa nyumbani, basi sauti ina kwao, na kwao huko kumo ndani ya maana yake. Lishikeni jambo hilo, maana nitalirudia.

Yako pia manufaa ya kuijua afya ya msitu. Mwaka 1988 Bernie Krause alinasa alfajiri katika bonde la Lincoln Meadow, kwenye milima ya Sierra Nevada huko Marekani, kabla ya wakataji mbao kuingia. Wakataji hao walikuwa wamewaahidi wenyeji kwamba wangechagua mti huku na mti huku, na msitu usingedhurika. Mwaka uliofuata alirudi msimu ule ule, saa ile ile, akapiga picha akanasa sauti. Picha ya pili ilifanana na ya kwanza hata mtu asiweze kuzitofautisha. Lakini katika sauti, ambamo mwaka uliopita ndege walikuwa wamejaana kama watu wa gulioni, mlibaki mto, na kigogota mmoja akigonga mti. Jicho lilisema msitu upo, na sikio likasema wenyewe wamehama.

Nayasema hayo hapa kwa sababu sisi ni watu wa mkulo. Mti huo, ambao wataalamu waliupa jina la milima yetu wakauita Ocotea usambarensis, ulikatwa kwa wingi katika misitu ya Usambara kwa ajili ya mbao zake nzuri, mmoja mmoja, ule ulio bora kwanza. Atazamaye Magamba au Shagayu kutoka barabarani huona kijani kibichi akaridhika. Ndani ya kijani kile yumo hondohondo, ambaye mabawa yake huvuma kama upepo wa shuka linalokung'utwa, maana manyoya ya chini ya bawa lake hayafuniki mashina ya yale makubwa na hewa hupita katikati; yumo mbega arukaye matawi, ambaye jina lake ni lile la mwindaji aliyewatangulia watawala wa Kikilindi; na vichakani karibu na ardhi yumo ndege mdogo wa rangi ya hudhurungi, Sheppardia montana, aliyeelezwa na wataalamu mwaka 1907, ambaye katika dunia yote hana nyumba nyingine ila Usambara Magharibi. Iwapo ndege huyo ataacha kuimba, hapana picha itakayotuarifu. Atakayetuarifu ni mtu mwenye daftari na sauti ya mwaka jana.

Sasa nije kwenye ufundi, na nitauelezea kwa ufupi, kwa kuwa mikono hujifunza upesi kuliko maneno. Adui wa kwanza ni upepo, ambao juu ya matuta yetu haukosekani. Upepo ukiigusa maikrofoni hutoa ngurumo ifunikayo kila kitu, na dawa yake ni kuivika sifongo na juu yake manyoya, au, kama hakuna, kukaa nyuma ya mti au ukingo na kukinga kwa mwili. Adui wa pili ni sisi wenyewe: koti lenye kuchakarika, tumbo lenye njaa, kidole kisichotulia juu ya chombo, kwa hiyo chombo kiwekwe juu ya jiwe au kijiti, na mtu aende akae mbali. Adui wa tatu ni pupa ya kupandisha nguvu ya kupokea, maana sauti ikizidi kiasi cha chombo hukatika ncha zake, na kilichokatika hakiungiki tena, ilhali sauti iliyoingia chini kidogo huweza kukuzwa baadaye. Chombo kipokee sampuli 48,000 kwa sekunde, ambazo zatosha kwa kila kisikikacho na sikio la mtu, na sauti ihifadhiwe bila kubanwa. Na zaidi ya hayo yote, subira: dakika tano za kwanza msitu huwa ukimsikiliza mgeni, baada ya hapo husahau, ukaanza kusema. Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, nami katika kazi hii nimekuwa mtumwa wa neno hilo.

Nafika kwenye jibu la mzee wangu. Nilipoanza, miaka mingi iliyopita, nilikuwa na kinasa cha kanda na hamu kubwa, nisiwe na adabu ya kazi. Usiku mmoja baada ya mvua nilinasa kanda nzima msituni: matone yakianguka kutoka jani hadi jani, kijito kilichojaa, perere wawili wakijibizana, na mwishoni kabisa mtu akimwita mwenziwe kutoka ng'ambo. Niliiona kuwa kazi bora kuliko zote nilizopata kuzifanya, na kwa furaha ile sikutamka neno wala sikuandika juu ya kanda. Baada ya miaka mingi nilimpigia mzee mmoja aliyeijua misitu hii kwa kuitembea. Alisikiliza amefumba macho mpaka mwisho, kisha akauliza ilikuwa wapi, nami sikuweza kusema kama ni Shagayu au Magamba. Akauliza mwaka, sikuujua. Akauliza aliyeita mwishoni ni nani, sikumjua. Akanirudishia kanda mkononi, akasema: "Basi, mwanangu, sauti hii haina kwao."

Sikupata hukumu nzito kuliko hiyo, nayo ilikuwa ya haki. Khabari njema iliyopokewa bila sanadi, mwanazuoni huiweka kando hata kama maneno yake ni matamu, kwa sababu hajui imetoka kinywani mwa nani. Na sauti nzuri isiyo na mahali, siku wala shahidi huwa pambo la kuliwazia masikio, haiwezi kumjibu mtu anayeuliza msitu wetu ulikuwaje. Abdallah bin Hemedi bin Ali, aliyeiandika Habari za Wakilindi ikapigwa chapa Magila kati ya 1895 na 1907, alituhifadhia maneno ya wazee ambayo bila kalamu yake tungeyakosa. Na Tracey, katika safari zake zote, aliziandikia nyimbo kadi za kutaja lugha, mahali na waimbaji. Kadi hizo ndizo zinazomwezesha mjukuu wa mwimbaji leo kwenda kumtafuta babu yake ndani ya maelfu ya nyimbo. Kwa hiyo kila sauti ianze au iishe kwa tamko la aliyeinasa: hapa ni mahali fulani, tarehe fulani, saa fulani, mvua imekatika, upepo watoka huku, nasikia hiki na hiki, nami ni fulani bin fulani. Mzee wangu, ulinikuta natoa ushahidi.

Pamoja na sanadi iko stara. Si kila kisikikacho ni halali ya kunaswa. Kilio cha msibani ni cha wafiwa. Maneno ya tambiko na ya jando ni ya wenyewe walioruhusiwa. Ugomvi wa nyumba ya jirani upitao dirishani, hata ukiwa umekifikia chombo bila kuitwa, ufutwe siku hiyo hiyo. Akina mama wanaoimba shambani waombwe ruhusa kabla, wasikilizishwe baada, na wakisema hapana, hapana hiyo iheshimiwe bila kutaka sababu. Wakisema ndiyo, wapewe nakala yao, maana watu wengi wa nchi hii wamewahi kuimba mbele ya chombo cha mgeni, kikaondoka, wala hawakupata kujua sauti yao ililala wapi. Na mnyama pia ana haki zake: kumpigia ndege sauti yake mara kwa mara ili ajitokeze ni kumwita vitani na adui asiyekuwapo, akaacha kiota chake bure.

Walimu wangu, ombi langu kwenu ni dogo na laweza kuanza mwezi huu. Chagueni mahali patatu: ukingo wa msitu, mferejini, na njiapanda ya kijiji. Kila mwezi, siku ile ile na saa ile ile ya alfajiri, wanafunzi wawili wakae pale dakika kumi na simu moja, wanase, watamke sanadi, kisha waje waandike katika daftari la shule. Wazee waitwe kusikiliza, na kila ndege, mdudu na chura atajwe kwanza kwa Kishambaa, kwa sababu majina hayo nayo yanaondoka pamoja na walioyajua, na mtoto ajuaye jina la ndege humsikia ndege, ilhali asiyelijua husikia kelele. Nakala ziwe tatu, mahali mbalimbali, na zikaguliwe kila mwaka, kwa kuwa tepu huoza, kadi huharibika, na simu huibiwa. Baada ya miaka kumi shule ya Rangwi itakuwa na hazina ambayo haitapatikana kwingine kokote duniani, na mtafiti wa mbali akija atakuja kuomba. Nasi tutakuwa wenyeji wa kumkaribisha, tuna kitu cha kumpa, na tuna majina ya waliokitunza.

Muda wangu umekwisha, na chombo hiki bado kinapokea. Nimefanya desturi ya kutofunga kazi kwa sauti yangu, basi nawaombeni dakika tatu za kimya. Milango ifunguliwe. Kisha ninyi watoto mlioketi sakafuni, ambao mtakuwa hai siku ambayo sisi wengine tutakuwa tumekwisha kuondoka, mje mmoja mmoja karibu ya meza, mtaje jina lenu na jina la baba au mama yenu, na kitu kimoja mlichokisikia kutoka nje; na majina hayo ndiyo yatakayokuwa sanadi ya alasiri hii.